Fundo la Ndama

Wiki iliyopita nilimfunga mwanangu kwenye mguu wa meza ya cherehani. Naanza na hilo kwa sababu nikilificha hadi mwisho mtadhani niliona aibu. Sikuona aibu. Niliona hasira, na bado ninayo ninapoandika.

Nilikuwa na sare ishirini na nne za kwaya, blauzi za rangi ya zabibu zenye kola nyeupe, zinazotakiwa Jumamosi asubuhi. Kola moja nilikuwa nimeifumua mara tatu kwa sababu ncha yake ya kushoto ilizidi ya kulia kwa upana wa uzi. Hakuna mwanakwaya ambaye angeliona hilo, lakini mimi nililiona. Sikusomea ushonaji, nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na mtu aliyejifunza hivyo hawezi kuacha kufumua. Basi nikiwa nimeinama juu ya kola, Rehema, ambaye hajatimiza miaka miwili, aliivuta pasi kwa waya wake. Ilidondoka karibu na kidole gumba cha mguu wake. Nikachana ukanda kutoka kwenye khanga iliyochakaa, nikamzungushia kiunoni, nikafunga ncha nyingine mezani, nikampa kopo na vibanio vya nguo achezee.

Alikuwa anacheza vizuri tu Mama Kelvin alipoingia kuazima mkasi. Mama Kelvin anaoka keki za oda, nyumba ya pili kutoka kwangu hapa mtaani Area D. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Hee! Mama Rehema! Unamfunga mtoto kama mbuzi?"

Nilimpa mkasi. Namshukuru Mungu nilimpa mkononi, sikumrushia. Alipoondoka nilimfungua Rehema, nikakaa sakafuni na ule ukanda. Ulikuwa na harufu ya mate na jua, na harufu hiyo ilinirudisha Miyuji, mtaa nilikokulia, kabla sijajiandaa. Ile sentensi haikuwa ya Mama Kelvin. Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeisema kwanza, karibu neno kwa neno, nikiwa na miaka saba, mbele ya darasa zima, na nilipigiwa makofi.

Wakati ule Miyuji ilikuwa inajengwa kila upande. Ukilala jioni kuna kichaka, baada ya wiki kuna msingi. Mama yangu alikuwa mama ntilie. Aliwapikia mafundi ujenzi wali na maharage, na asubuhi aliwakaangia mihogo. Baba alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha, na maisha yalipopatikana hayakutuhusu. Nilikuwa mimi, mama, na mdogo wangu Yona, ambaye alikuwa ameanza tu kutembea. Pale mama alipopikia palikuwa na mafiga matatu, karai la mafuta, misumari na mbao zinazoanguka. Mtoto wa kutembea hakuwa na nafasi pale.

Kwa hiyo Yona alikaa kwa Mama Nyemo. Watoto wote wa uchochoroni kwetu walikaa kwa Mama Nyemo. Alikuwa Mgogo, mwanamke mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa matundu makubwa, aliyekuja mjini na chumba chake kimoja cha kupanga. Hakuna aliyemlipa. Kila mama alimletea alichokuwa nacho: mama yangu alileta ukoko wa wali na maharage yaliyobaki, Mama Zuhura aliyeuza nyanya sokoni alileta zile zilizopondeka, mwingine alimchotea maji. Asubuhi kulipambazuka na salamu za Kigogo, "Mbukwa, Mama Nyemo!" mlangoni kwake, na yeye akiwapokea watoto mmoja mmoja, akiwanusa utosini kama mtu anayechagua matikiti.

"Huyu kala?"

"Kanywa uji."

"Uji wa jana au wa leo?"

"Mama Nyemo, na wewe!"

"Nauliza tu. Mimi nitakaa naye, si wewe."

Mbele ya chumba chake palikuwa na kibanda cha miti kilichoezekwa mabua, na nyuma ya kibanda, kwenye kiwanja cha mtu ambaye sikuwahi kumwona, palikuwa na shimo la choo. Lilichimbwa likaachwa. Mwenyewe alisema atajenga akipata nafasi. Watu walilizungushia matawi ya miba, upepo wa kiangazi ukayachukua, wakayarudisha, upepo ukayachukua tena. Mimi nilikatazwa kulisogelea, lakini nililisogelea. Chini kabisa palikuwa na giza lenye ubaridi, na ukidondosha kokoto ilichukua muda kabla hujasikia chochote.

Mama Nyemo alikuwa mmoja na watoto walikuwa saba. Kwa hiyo wale wanne waliotembea lakini wasioelewa maneno aliwafunga. Kila mmoja alikuwa na ukanda wake wa khanga kiunoni, ncha nyingine ikiwa kwenye nguzo ya kibanda. Alipima urefu kwa hatua: kivuli unakifikia, kata ya maji unaifikia, mwenzako unamfikia umng'ate ukitaka. Shimo hulifikii.

Fundo lake halikuwa kama mafundo mengine. Alikua akichunga, na kwao ndama huachwa nyumbani mama zao wakienda malishoni. Alisema ndama akifungwa fundo la kukaza atajinyonga, maana atavuta siku nzima kumfuata mama yake. Lile lake halikukaza hata mtoto avute namna gani. Mtoto hakuweza kulifungua. Mtu mzima alivuta mkia wake mara moja, likaachia lote. Jioni ilikuwa raha kutazama: mama anafika, anainama, anavuta mara moja, mtoto anaruka.

Hayo nayasema sasa. Wakati ule nilikuwa na miaka saba na nilikuwa na akili zangu. Nilikuwa nimeona mbuzi wakipita kwenda mnadani, wamefungwa kamba vilevile, na nilijua hawarudi. Nikaunganisha. Mama Nyemo aliwanusa watoto asubuhi. Wanunuzi wa mbuzi nao huwapapasa mgongo. Mama Nyemo aliuliza wamekula nini. Kila siku ya mnada nikitoka shule nilikimbia moja kwa moja hadi kibandani kuhesabu kama wako wanne. Nilipomkuta Yona amelala kivulini, mashavu yana vumbi na ute wa mlenda, nilimchukia Mama Nyemo kwa kunitisha hivyo.

Mwaka ule wageni walikuja shuleni kwetu kutufundisha haki za mtoto. Sitataja walikotoka, walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wenye sauti nzuri na mabegi yenye madaftari. Walieleza ukatili ni nini. Kisha yule mwanamke akauliza, "Nani anaweza kutupa mfano wa mtoto anayefanyiwa ukatili hapa mtaani?"

Lazima nieleze hili kwa uaminifu, maana ndipo palipo mzizi wa hasira yangu. Sikunyoosha mkono kwa ajili ya Yona. Siku moja kabla nilikuwa nimepata tisa katika kumi kwenye hesabu, nikalia hadi mwalimu akachoka. Nilijiona bado nadaiwa ile alama moja. Swali lile lilikuwa linaelea darasani bila mwenyewe, na mimi nilikuwa na jibu.

"Mama Nyemo," nikasema nikiwa nimesimama wima, "anawafunga watoto kama mbuzi."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Nilipewa daftari lenye jalada gumu na kalamu. Katika lile daftari sikuandika kitu. Nilitaka ukurasa wa kwanza uwe kamili, na hakuna sentensi niliyoiona inastahili. Mama aliniuliza, "Umelipata wapi?" Nikasema nimepewa shuleni kwa kujibu swali. Alinitazama muda mrefu, akageuka kuchambua mchele.

Siku mbili baadaye walikuja na mwenyekiti wa mtaa. Ilikuwa jioni, wakati akina mama wanawafuata watoto, kwa hiyo wote walikuwepo. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi jekundu limewakaa wageni kwenye viatu. Watoto wanne walikuwa kwenye kanda zao. Yule mwanamke mwenye sauti nzuri alishika kifua.

"Hawa watoto wamefungwa!"

"Ndiyo," Mama Nyemo akasema. "Karibuni. Vigoda viko pale."

"Mama, huu ni ukatili. Unaweza kushtakiwa."

"Kuna shimo hapo nyuma."

Nakumbuka vizuri kwamba hakuna aliyegeuka kulitazama shimo. Mwenyekiti alilijua, alipita pale kila siku. Alisema tu, "Mama, usibishane na wageni." Yule mwanamume mwenzake akawauliza akina mama kama wazazi wanajua watoto wao wanafungwa. Akaanza na mama yangu, labda kwa sababu alikuwa karibu.

Mama alikuwa amesimama na ndoo ya vyombo kichwani. Yona alikuwa miguuni pake, kiunoni ana ukanda wa njano wenye maua meusi. Ulikuwa umechanwa kwenye khanga ya mama. Nilikuwepo alipouchana, alishika upande mmoja kwa meno.

"Mimi sikujua," mama akasema.

Na Mama Zuhura akasema hakujua. Na yule wa tatu. Walisema mmoja baada ya mwingine, wanawake ambao kila jioni waliinama wakavuta mkia wa fundo. Mama Nyemo aliwatazama wote, bila kusema "Waongo." Aliwageukia wageni akauliza swali moja.

"Na kesho watakaa na nani?"

Yule mwanamke akasema hilo ni jukumu la wazazi. Mwanamume akaandika kitu. Mwenyekiti akatazama saa yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake na daftari langu kifuani, na hata mimi, mtoto aliyejua majibu yote, hilo sikulijua.

Mama Nyemo alihama wiki ileile. Wageni hawakurudi. Shimo lilibaki.

Nani alikaa na watoto? Nitawaambia. Mama Zuhura aliacha biashara ya nyanya. Yule wa tatu alimfungia wake chumbani na redio. Na mama yangu alinitoa shule. Muhula mzima. "Mpaka bibi yako apate nafasi ya kumchukua," alisema, bila kunitazama. Nilikuwa wa kwanza darasani, na nilikaa nyumbani na mtoto mwenye miguu ya mbuzi na lile shimo jirani na nyumba. Wenzangu walipita asubuhi na sare zao wakiimba jedwali la saba. Niliwachukia wote, mpaka na hilo jedwali.

Siku ya tano nilimfunga Yona. Sikuwa na namna. Maji yalikuwa hayajachotwa na alikuwa ameshalifikia shimo mara mbili. Nilitumia ukanda uleule wa njano. Nilidhani nimeliona lile fundo mara za kutosha. Nililifunga kama nilivyoona mimi, nikaenda bombani, na niliporudi alikuwa amevuta hadi limekaza chini ya mbavu, uso umebadilika rangi, halii tena, anakoroma. Nilivuta mkia. Haukuachia. Nilivuta kwa meno, nikaonja chumvi na udongo. Nilipiga kelele hadi Mama Zuhura akaja mbio na kisu cha jikoni akaukata.

Yona ana alama mpaka leo, mstari mwembamba kiunoni upande wa kushoto. Yuko chuo sasa, na akivua shati huwaambia wenzake, "Hii kazi ya fundi. Dada yangu akifunga kitu, amefunga." Wanacheka. Mimi hutoka nje.

Na lile daftari, mama alilitumia kufungia mihogo. Nilimwona akichana ukurasa mmoja mmoja, mweupe, usio na doa, anaukunja, anauwekea mihogo yenye mafuta. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi, na nilimkasirikia zaidi kwa "sikujua". Nilijenga nyumba nzima juu ya hilo neno: kwamba mama yangu ni mwoga, kwamba mimi sitakuwa kama yeye, kwamba kazi yangu na mtoto wangu nitavibeba mwenyewe bila kumwomba mtu wala kumsingizia mtu. Ninyi wa rika langu mnaijua nyumba hiyo. Wengi wetu tunakaa humo, na tumechoka, na tunaiita kujitegemea.

Siku ya pili baada ya Mama Kelvin kusema maneno yale, nilimpigia mama simu. Siku hizi anaishi Chamwino, analima karanga na alizeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo? Mtoto mzima?"

"Mzima. Mama, ule ukanda wa Yona ulitoka kwenye khanga yako ya njano."

Nilisikia kuku wake.

"Ndiyo," akasema. "Niliuchana mwenyewe."

"Na ukawaambia hukujua."

"Na wewe ndiye uliyenyoosha mkono."

Nilikaa chini. Rehema alikuwa ananipanda mgongoni.

"Ulijua lini?"

"Kesho yake. Mwalimu wako alikuja kula kwangu mchana. Akanisifia mbele ya mafundi, 'Mama Eliza, una mtoto jasiri.' Wali ukaniungulia."

"Kwa hiyo ulijua kwamba watakuja. Hukumwambia Mama Nyemo?"

"Ningemwambia nani kasema?" Sauti yake ilipanda. "Ee? Ningesema ni nani? Uchochoro mzima ungekuita mchongezi mpaka unaolewa. Nikachagua. Nilichagua vibaya, lakini nilichagua wewe. Halafu siku ile walipouliza, nilikuwa nimeshaanza uongo, nikaumalizia."

Kisha akaendelea, taratibu, kwamba alimfuata Mama Nyemo kituo cha basi siku aliyoondoka, akambebea mzigo na kumweleza kila kitu. Mama Nyemo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia, "Mtoto alisema alichokiona. Ninyi watu wazima, mlichokiona mlikisema lini?" Akapanda gari.

"Yuko wapi, mama?"

"Tulimzika. Mwezi ule uliojifungua Rehema. Nilienda. Sikukwambia, ulikuwa na mtoto mchanga."

Nilimkasirikia hata kwa hilo. Nilikuwa nimepanga, katika kichwa changu kinachopanga kila kitu, kwamba siku moja nitamtafuta Mama Nyemo nikiwa nimefanikiwa, nimpelekee gauni nililoshona bila kosa hata moja. Nilikuwa nasubiri niwe na mikono ya kushona hilo gauni. Yeye hakuweza kusubiri kola zangu.

"Lile fundo," nikasema mwishowe. "Nilikosea wapi?"

"Uliingiza mkia wote kwenye kitanzi. Watu wote hukosea hapo. Unaukunja kwanza, unaingiza ule mkunjo tu, ncha unaiacha nje. Yule aliyekuja kumchukua mtoto ndiye anayeivuta."

Alhamisi asubuhi nilimfunga Rehema kwa fundo hilo. Nilijaribu kwanza kwenye mkono wangu mara kumi na moja. Sare zilizobaki zilikuwa tisa. Mama Kelvin alikuja kurudisha mkasi, akaona tena, akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Mama Kelvin, kabla hujasema. Nina blauzi tisa mpaka Jumamosi. Pasi ile pale, mkasi huo unao wewe, cherehani haina macho. Niambie, leo atakaa na nani?"

Nilisema kwa ukali. Nilitaka anyamaze, atazame saa, aseme ni jukumu langu. Nilitaka awe kama wale wageni, ili nimchukie nimalize.

Mama Kelvin aliweka mkasi mezani. "Kwani umewahi kuniuliza?" akasema. "Tangu umehamia hapa mwaka na nusu, umewahi kuniomba hata chumvi?"

Akainama. Hakuuliza linafunguliwaje, aliiona ncha ikining'inia nje, akaivuta mara moja. Lote likaachia. Akampandisha Rehema kiunoni kwake, kiatu kimoja kikiwa kimebaki chini ya meza, akatoka naye. Nilisikia sauti ya mwanangu ikipungua uchochoroni, hailii, inauliza kitu kwa lugha yake.

Nilivuta kiti nikaendelea kushona.

Saa nane alimrudisha amelala, ana unga wa keki masikioni, na ule ukanda ukiwa umekunjwa vizuri. Alisimama mlangoni, hakuondoka.

"Kesho nina keki ya harusi, ngazi tatu," akasema. "Kelvin akiona maua ya sukari anayala. Utakaa naye?"

Nilimtazama Rehema. Nilitazama sare sita ambazo hazijawekwa vifungo, na ile kola ambayo ncha yake ya kushoto bado ilizidi ya kulia kwa upana wa uzi.

"Mlete saa mbili," nikasema. "Awe amekunywa uji. Wa leo, si wa jana."

Niliiweka kola ile kwenye rundo la zilizokamilika. Sikuifumua.